Unga wa kaharabu na dawa zilizobeba jina lake
Maswali ya wasomaji

Barua saba za mwezi huu zinagusa kitu kimoja, ingawa baadhi ya waliotuandikia hawakujua: asidi ya saksiniki. Ni unga mweupe, mchachu, usio na harufu. Georgius Agricola aliupata mwaka 1546 kwa kuichoma kaharabu, utomvu wa miti wa kale uliokauka, na kuukusanya mvuke wake, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la kaharabu, succinum. Chumvi zake na viambata vyake tunaviita saksineti. Kwenye boksi la dawa utakuta limepigwa chapa neno succinate. Tumeziunganisha barua hizi kwa sababu kosa linalojirudia ndani yake ni moja: msomaji anatazama neno saksineti na kuliacha neno linalolitangulia, na dawa yenyewe imo katika neno hilo la mwanzo.

Assalaam alaykum. Kaka yangu ameagiza mtandaoni nusu kilo ya unga wa asidi ya saksiniki. Tangazo linasema unatia nguvu, unaondoa uchovu na kulinda moyo. Kila asubuhi anakoroga kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, anakunywa kabla hajala kitu. Wiki ya pili hii analalamika kiungulia, na yeye ni mtu wa presha. Nimwambie aache? — Dada mtu, Jang'ombe

Wa alaykum salaam. Mwambie aache leo.

Kijiko cha chai kinachukua gramu 4 hadi 5. Kwenye mililita 200 za maji unga huo unayeyuka wote, na pH ya glasi, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali, inashuka mpaka karibu 2.5. Gamba la jino huanza kulika pH inapokuwa chini ya 5.5, na tumbo tupu halina chakula cha kuupunguzia ukali. Kwa hiyo kiungulia chake hakina fumbo lolote. Akishakunywa kitu kichachu namna hiyo asipige mswaki papo hapo, maana gamba la jino limelainika. Asukutue kwa maji matupu, mswaki baada ya saa moja. Kiungulia kikiendelea wiki moja baada ya kuacha, aende akapimwe. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, asingoje hata siku moja.

Tangazo lenyewe limeanzia kwenye jambo la kweli, na ndiyo maana linawapata watu wenye akili zao. Mwaka 1937 Hans Krebs alieleza mzunguko ambao seli zinautumia kuteketeza chakula, na saksineti ni kituo kimojawapo katika mzunguko huo. Muuzaji anasema: ongeza saksineti, utapata nguvu zaidi. Sasa tupige hesabu. Mtu mzima aliyetulia anatumia karibu lita 360 za oksijeni kwa siku. Ukiigawa oksijeni hiyo kwa mahitaji ya mzunguko, utaona mwili unatengeneza na kuteketeza kiasi cha nusu kilo ya saksineti kila siku, kutokana na wali, muhogo na samaki. Pakiti nzima aliyoinunua kaka yako, mwili wake unaitengeneza wenyewe kwa siku moja. Isitoshe, asidi hii ikishaingia katika damu inabaki na chaji hasi mbili, na chembe ya namna hiyo haipenyi kirahisi kuta za seli. Kile kijiko hakifiki pale tangazo linapodai kinafika.

Kuhusu moyo na presha, tuna wasiwasi zaidi. Mwaka 2004 ilionekana kwamba saksineti iliyo nje ya seli ina kipokezi chake katika figo, na kwa wanyama waliofanyiwa majaribio iliamsha renini, kimeng'enya cha figo kinachoanzisha kupanda kwa presha, na kupandisha presha. Mwaka 2014 watafiti wakaonesha kwamba moyo uliokatikiwa na damu hulimbikiza saksineti. Damu inaporudi, limbikizo hilo linaungua kwa kasi na kuzaa chembe kali za oksijeni zinazoujeruhi msuli wa moyo. Hatusemi kwamba kijiko cha unga kitamletea kaka yako maradhi ya moyo. Tunasema kwamba ahadi ya "kulinda moyo" haina pa kusimama. Ni kweli Urusi wanauza vidonge vya asidi hii na wana maji ya dripu yenye saksineti. Mamlaka za dawa za Marekani na za Umoja wa Ulaya hazikuvisajili kuwa dawa.

Pakiti iliyobaki isiachwe jikoni karibu na magadi na hamira. Unga huu ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya: osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha moja kwa moja hospitali. Na tazama kibandiko. Nyingi ya pakiti zinazouzwa kwa kilo ni za maabara au kiwanda, hazikusafishwa kwa kiwango cha kitu cha kumeza.

Nimeletewa mkufu wa shanga za kaharabu kutoka Ulaya kwa ajili ya mwanangu wa miezi saba anayeota meno. Wanasema joto la mwili linaitoa asidi kwenye shanga, inaingia kwenye ngozi na kutuliza maumivu. Jirani anasema ni sandarusi tu. — Mama wa Chake Chake

Tuanze na usalama: uvue mkufu huo, hata kama ni kaharabu safi kabisa. Mwezi Disemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya mapambo ya kuotea meno baada ya kupokea taarifa za watoto waliokabwa na kupaliwa, akiwemo mtoto wa miezi 18 aliyekufa akiwa usingizini, amekabwa na mkufu wake wa kaharabu. Uzi ukiwa imara, unakaba. Ukikatika, shanga zinaingia kooni. Hakuna uzi wa kati na kati. Hali ni hiyo hiyo kwa uzi wowote wa shingoni anaolala nao mtoto mchanga.

Tukija kwenye asidi: kaharabu ya bahari ya Baltiki kweli ina asilimia 3 hadi 8 ya asidi ya saksiniki, lakini imefungwa ndani ya utomvu uliokauka kwa mamilioni ya miaka. Agricola ilimbidi aichome. Asidi yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi joto 184 na zaidi, na mwili wa mtoto una 37.

Jirani yako ana hoja. Sandarusi yetu, iliyokuwa ikipakiwa hapa Unguja kwenda kutengeneza vanishi za Ulaya na Marekani, inafanana mno na kaharabu, lakini ni utomvu wa mti mwengine na haina asidi hii. Ukitaka kujua, dondoshea asetoni kidogo, ile ya kuondolea rangi ya kucha, upande usioonekana: sandarusi inakuwa ya kunata, kaharabu haibadiliki. Kioo utakijua kwa maji ya chumvi iliyokolea mpaka haiyeyuki tena. Kaharabu huelea, kioo huzama.

Kwa maumivu ya fizi, osha kidole na umsugue taratibu, au mpe kitambaa safi kilicholowana na kupoa kwenye friji, si kwenye friza. Akiwa hatulii, parasetamoli ya maji miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, isizidi mara 4 kwa saa 24. Jeli za kutia ganzi zenye benzokeini usimpake mtoto wa chini ya miaka 2, zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Na joto likifika 38 usilisingizie meno. Apimwe malaria.

Baba yetu anatumia metoprololi saksineti 47.5 aliyoletewa na mwanawe kutoka nje. Zimemalizika. Duka la dawa lina metoprololi tatreti 50. Ni kitu kimoja? Tena hawezi kumeza vizuri, huwa tunamsagia. — Watoto wa mzee, Wete

Dawa ni moja, metoprololi, lakini vidonge si vya namna moja. Saksineti ya 47.5 na tatreti ya 50 zina kiasi kile kile cha metoprololi. Tofauti ya namba inatokana na uzito wa chumvi iliyoshikamana nayo. Cha saksineti kimetengenezwa kwa vipunje vinavyoachia dawa kidogo kidogo mchana na usiku, kwa hiyo humezwa mara moja kwa siku. Cha tatreti kinaachia yote kwa mara moja na kwa kawaida hugawiwa mara mbili. Mkimpa kimoja kwa mfano wa chengine, ama mapigo yatashuka mno baada ya kumeza, ama dawa itaisha kabla ya alfajiri.

Kusaga ndilo kosa kubwa zaidi katika barua yenu. Kidonge cha saksineti kikisagwa, dawa ya siku nzima inaingia kwa pamoja: kizunguzungu, moyo kwenda polepole, mzee kuanguka anapoinuka kwenda kutia udhu. Kikiwa na mstari katikati kinaweza kukatwa nusu, na nusu hizo zimezwe bila ya kutafunwa.

Asikatishwe ghafla pia. Moyo uliozoea dawa hii ukiikosa kwa mara moja unaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio. Mpelekeni kwa daktari na pakiti ya zamani mkononi, abadilishe kwa maandishi. Mwambieni daktari sababu ya matumizi: kama ni moyo kushindwa kusukuma damu, na si presha peke yake, ushahidi mkubwa wa 1999 ni wa kidonge cha saksineti cha kuachia polepole, na tatreti haishiki nafasi yake. Kama mzee ana pumu, hilo nalo lisemwe.

Dada yangu alipasuliwa nje ya nchi akakaa saa tano hawezi kupumua mwenyewe. Alipewa karatasi iliyoandikwa saksametoniamu. Mimi nasubiri operesheni ya ngiri. Je, nina aleji ya saksineti? Natumia pia dawa ya moyo yenye jina hilo. — Mvuvi, Mkoani

Umefanya vizuri sana kuuliza kabla. Hii si aleji, na dawa yako ya moyo haihusiki, endelea nayo.

Saksametoniamu ni dawa ya kulegeza misuli ili daktari wa usingizi aweze kupitisha mpira wa kupumulia. Imejengwa kwa asidi ya saksiniki katikati na kolini kila upande. Kipimo ni miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo. Misuli inatetemeka kidogo, kisha ndani ya dakika moja yote inalegea, ikiwemo ya kupumulia. Kwa watu wengi huisha baada ya dakika 5 hadi 10, kwa sababu kimeng'enya kilichomo katika damu kinaikatakata ikabaki kolini na asidi yenyewe, vitu visivyo na madhara kwa kiasi hicho. Wapo watu waliorithi kimeng'enya dhaifu. Kwao dawa inabaki nzima kwa masaa. Tiba yake ni subira: mashine ya kupumulia iendelee, na mgonjwa aendelee kulazwa usingizi, maana bila hivyo atakuwa macho, anasikia yote, na hawezi kuinua hata kope.

Kama dada yako amerithi upungufu huo kwa baba na mama, wewe ndugu yake wa baba na mama una nafasi moja kati ya nne ya kuwa nao. Kipo kipimo cha damu cha kuangalia kiasi cha kimeng'enya, na chengine kinachoitwa namba ya dibukeini: mtu wa kawaida hupata karibu 80, mwenye upungufu kamili karibu 20. Kipimo kisipopatikana hapa, bado operesheni yako inawezekana salama. Mpe daktari wa usingizi ile karatasi ya dada yako, si kwa kusimulia tu, na umwambie hivi: "Ndugu yangu alichelewa kupumua baada ya saksametoniamu." Ngiri nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongo bila ya dawa hii, na ikihitajika ya kulegeza misuli ipo rokuroniamu, isiyotegemea kimeng'enya hicho. Mivakuriamu iepukwe, inakatwa na kimeng'enya kile kile.

Watoto wako pia wajue. Iandikwe kwenye kadi zao.

Nasomea uuguzi, niko kwenye mafunzo kisiwani Pemba. Boksi la artesuneti ya sindano lina poda na vichupa viwili vya maji. Kwa nini tusitie maji ya sindano tu? Mwenzangu anasema ni desturi ya kiwanda. — Mwanafunzi

Si desturi, na ni vyema ulikataa kuamini. Artemisinini, dawa inayotoka kwenye mmea wa pakanga wa Kichina, haiyeyuki katika maji. Wakemia waliishikiza nusu ya asidi ya saksiniki, ikawa artesuneti. Upande huo wa asidi ukikutana na sodiamu baikaboneti unageuka chumvi, na chumvi ndiyo inayoyeyuka. Bila ya baikaboneti unabaki na tope ndani ya bomba la sindano. Ukishaingia mwilini, mkia wa saksineti unakatika ndani ya dakika chache na kubaki dihaidroartemisinini, ambayo ndiyo inayoua vimelea. Kwa hiyo hapa saksineti ni mbebaji tu. Lakini pasingekuwa naye, mtoto mwenye degedege la malaria asingeweza kupewa dawa hii kwenye mshipa.

Kwa kichupa cha miligramu 60 chenye viyeyushio viwili: pima uzito wa mgonjwa kwanza, usikisie. Tia mililita 1 yote ya baikaboneti ya asilimia 5 kwenye poda, tikisa mpaka maji yawe maangavu kabisa. Yakibaki na ukungu baada ya dakika chache, kitupwe. Mchanganyiko unatoa gesi, kwa hiyo itoe kwa sindano kabla ya kuongeza kiyeyushio cha pili, la sivyo msukumo wa gesi utakuharibia kipimo. Kwa mshipa ongeza mililita 5 za salaini au dekstrosi ya asilimia 5, upate miligramu 10 kwa kila mililita. Kwa msuli ongeza mililita 2, upate 20. Maji ya sindano hayafai hata katika hatua hii. Aina nyengine za vichupa zina kiyeyushio tofauti, soma karatasi ya ndani.

Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo. Kilo 20 na kuendelea, 2.4. Mtoto wa kilo 9: mara 3 ni miligramu 27, kwa mshipa ni mililita 2.7, unapandisha kuwa 3. Msukume taratibu, dakika 1 hadi 2. Rudia baada ya saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku. Hata kama ameamka na kuomba uji baada ya dozi ya kwanza, amalize dozi tatu za sindano, halafu dawa mseto ya kumeza ya siku 3. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja. Ule mkia unaokatika mwilini unakatika hata ndani ya kichupa, na kilichobaki asubuhi si dawa tena. Tunajua uchungu wa kumwaga dawa penye uhaba, mwaga.

Jambo moja linasahaulika sana. Baina ya siku ya 7 na ya 30 baadhi ya waliopona huvunjikiwa na chembe nyekundu za damu. Mama aambiwe kabla hajatoka wodini: akiona mtoto amepauka, macho ya manjano au mkojo mweusi kama mkandaa, arudi. Wingi wa damu upimwe wiki ya kwanza, ya pili na ya nne.

Zanzibar ilichukua artesuneti pamoja na amodiakwini kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2003. Kwa malaria kali, jaribio lililochapishwa 2010 kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika lilikuta vifo asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Tofauti hiyo ni watoto wanaorudi majumbani, ndiyo maana tumeandika kwa urefu.

Nina pumu. Mara mbili nilipigwa haidrokotisoni saksineti, mara ya pili kifua kikabana zaidi dakika chache baadaye. Inawezekana? — Mwalimu wa skuli, Bububu

Inawezekana, ingawa ni nadra. Haidrokotisoni huchukua masaa kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo kifua kubana ndani ya dakika kunaweza kuwa pumu yenyewe iliyokuwa ikiendelea kupanda. Lakini zimeripotiwa aleji za kweli kwa sindano za steroidi zenye saksineti. Faili lako liandikwe jina zima, "haidrokotisoni sodiamu saksineti", na si "aleji ya steroidi", maana vidonge vya prednisoloni huenda ukavihitaji siku moja na vikakuokoa. Omba rufaa ukapimwe. Ukibanwa, salbutamoli ndiyo inayotangulia: pafu 4 hadi 10 kwa chombo cha kuvutia, moja moja.

Seramu ya uso yenye asidi ya saksiniki asilimia 2 inafaa kwa chunusi? Na E363 kwenye pakiti ya supu ni halali? — Wasomaji wawili, Darajani

Seramu hulegeza ngozi iliyokufa na kupunguza bakteria kidogo. Ushahidi wake bado mdogo. Jaribu nyuma ya sikio, ngoja saa 48, kisha paka usiku mmoja kwa kila mitatu. Usiipake juu ya mkorogo hata kidogo, ngozi iliyochunika inaungua, na asubuhi jikinge na jua. Ukitaka kitu kilichothibitika, benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 ni bora, ila itakuchujulia foronya na kanga.

E363 ni asidi hii hii, inatiwa kwa ladha. Viwandani hutengenezwa kwa mazao ya petroli au kwa kuchachusha sukari ya nafaka. Haitoki kwa mnyama. Kanuni za Marekani zinaweka kiasi cha asilimia 0.084 kwa viungo na achari, na 0.0061 kwa bidhaa za nyama, kiasi kisichodhuru. Hukumu ya kisheria waulizeni masheikh mkiwa na maelezo hayo. Supu ya kombe waliookotwa maji yakikupwa inayo asidi hiyo hiyo bila ya mtu kuitia; sehemu ya utamu wake inatoka humo.